Mchonga bao na mtunga bao: sanaa ya gemu au ubunifu wa gemu, na ukasomee wapi

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, na dada yangu akanikabidhi suala la chuo, kama ilivyo desturi yetu huku Kusini kwamba jambo zito la mtoto lazima lipite kwa mjomba. Binti alikuja dukani kwangu Chikongola, Mtwara mjini, Jumamosi asubuhi, akaniamkia, akakaa kwenye benchi la wateja, kisha akasema bila kuzunguka: "Mjomba, nataka kusomea gemu chuo kikuu."

Nikamuuliza, "Kufanya nini kwenye gemu?"

Akanyamaza. Ana akili sana, ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ndani ya gemu moja mna kazi nyingi zisizofanana, na kwamba vyuo vinavyofundisha mambo haya vinazitenganisha tangu siku ya kujiandikisha. Vijana wengi huchagua nchi, wakachagua chuo, wakachagua kozi, na kazi yenyewe wakaja kuifahamu mwaka wa pili ada ikiwa imeshalipwa. Mimi naanza na kazi, mahali pa kusoma panafuata. Naandika kama mtu ambaye riziki yake ni michoro: kadi za harusi, mabango, nembo za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), na kwa miaka sita sasa michoro ya 3D ya nyumba kwa wenye viwanja.

Ubao na kanuni

Chukua bao. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Fundi anayeuchonga anapima kina cha shimo ili vidole vichote kete kwa mkupuo mmoja, analainisha kingo, na shimo la nyumba analitoa la mraba ili jicho lilitambue hata kwa mwanga wa koroboi. Hiyo ndiyo sanaa ya gemu: kila kinachoonekana, kikionekana kwa namna inayomsaidia mchezaji kujua afanye nini.

Kanuni hazionekani. Kete ni 64. Kila mchezaji anaanza na kete 6 nyumbani, 2 na 2 kwenye mashimo mawili jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Zikiisha mkononi, mchezo unageuka wa mtaji, unacheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Kete yako ya mwisho ikiangukia nyumbani wakati unakula, una hiari: ulale, zamu yako iishie hapo, au usafiri na nyumba yote, uchote kete zake uendelee kuzisambaza. Aliyeiweka hiari hiyo ndiye mbunifu wa gemu. Hakushika patasi. Alijua kwamba mtu mwenye akiba nono akilazimika kuamua aivunje au aitunze, baraza zima litanyamaza kumtazama.

Kwa hiyo nina majaribio mawili ninayompa kijana yeyote anayenijia na swali hili, na nadhani yanafaa kuliko kusoma maelezo ya kozi. La kwanza: chezeni bao mara kumi, kisha ondoeni ile hiari, anayefika nyumbani alale tu, mcheze mara kumi nyingine. Andika kilichobadilika. La pili: uchore ubao huo kwa penseli ukiwa umeukalia pembeni, mashimo yote 32 yakipungua ukubwa kadiri yanavyokwenda mbali nawe.

Mpwa wangu alirudi baada ya siku nne. Kuhusu kanuni alikuwa ameandika mstari na nusu. Ubao alikuwa ameuchora mara nane, na kwenye ile ya nane alinionyesha shimo moja tu, la tatu kutoka kulia, akasema, "Hili bado linanikataa." Hapo sikuhitaji kuuliza tena. Huyo ni wa sanaa.

Masomo yenyewe yanafananaje

Anayesomea sanaa ya gemu, popote duniani, mwaka wa kwanza anachora sana kwa mkono: mwili wa mtu, mifupa na misuli, umbali na ukaribu, rangi na mwanga. Kompyuta inaingia polepole. Baadaye anachagua tawi: viumbe na wahusika, mandhari na majengo, au uhuishaji, yaani kuvifanya vitembee. Kinachomwajiri mwishoni ni mkusanyo wa kazi zake, picha kumi au kumi na tano nzuri. Cheti kinakuja nyuma yake.

Niwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo, maana wazazi wengi hudhani ni kubonyeza kitufe. Nilimkalisha mpwa wangu kwenye kompyuta yangu atengeneze lipiko, kinyago kile kinachofunika kichwa kizima kwenye ngoma ya mapiko. Kabla hajaanza, bibi yake alimwita akamuuliza, "Unachonga uso, au unamchonga aliyemo ndani?" Akajibu, "Uso tu, bibi, ule unaoonekana uwanjani." Akaruhusiwa. Nataka kila kijana wa Kimakonde anayekusudia kuweka mambo ya kwetu kwenye gemu aulize kwanza namna hiyo. Mambo ya jando na unyago yana wenyewe.

Alianza na mchemraba mmoja. Akaukata nusu, akaiambia programu kila anachofanya upande wa kulia kijirudie kushoto. Akavuta pua, akasukuma macho ndani, kisha akachukua patasi ya kompyuta na kuanza kuchonga chale za mashavuni. Kufika usiku wa tano umbo lilikuwa na poligoni, vile vipande bapa vidogo vinavyounda umbo la 3D, zaidi ya milioni mbili, na kompyuta ikawa inahema. Gemu haiwezi kubeba kitu kizito hivyo, hasa gemu ya simu. Ikabidi aweke juu yake umbo jingine jepesi la poligoni elfu chache, kama mtu anayeweka karatasi juu ya sarafu na kupitisha penseli. Baada ya hapo, ngozi: umbo linafumuliwa na kutandazwa bapa, sawasawa na fundi cherehani anavyofumua shati la zamani ili apate kipande cha kukatia jipya. Ukishalitandaza ndipo unapopaka rangi. Zile chale hazipo tena kwenye umbo jepesi. Zimegeuzwa picha inayouhadaa mwanga, na jicho linakubali.

Mambo mawili yalinifurahisha mno. Usiku wa nane alizima ule mtindo wa kujirudia, akalishusha kidogo jicho la kushoto, kwa sababu alisema hajawahi kuona kinyago ambacho pande mbili zinalingana kama zilizopigwa chapa. Halafu nilimshauri auzibe mdomo ili umbo liwe safi, akakataa: "Mjomba, mcheza ngoma anaonea mdomoni. Nikiuziba hakivaliki." Hapo sanaa na ubunifu vinashikana mikono, na ndiyo maana kozi nyingi za vyuo huweka majina yote mawili pamoja. George Lilanga, mzaliwa wa huku kwetu Masasi, alijulikana dunia nzima kwa mashetani yake ya rangi, na kila shetani ukilitazama unajua lingetembeaje. Mwalimu yeyote wa wahusika wa gemu angetaka mwanafunzi aliyekua akitazama kazi za namna hiyo.

Ubunifu wa gemu unasomwa tofauti. Ni maandishi mengi, majedwali ya namba (adui huyu ana nguvu ngapi, silaha hii inagharimu sarafu ngapi), ramani za hatua za mchezo kwenye karatasi, na saa nyingi za kukaa nyuma ya mtu anayejaribu gemu yako huku umefunga mdomo usimwelekeze. Ni kazi nzuri kwa mwenye subira ya kutazama watu. Lakini nasema wazi msimamo wangu: kwa kijana wa Mtwara anayetaka kula kwa kazi hii, shahada ya ubunifu peke yake ni njia nyembamba. Nafasi za kuanzia ni chache, na mbunifu asiyejua kuchora wala kuandika programu anahitaji wengine wamtengenezee wazo lake ndipo lionekane. Mchoraji anaonyesha kazi leo. Tena stadi zake zinauzika nje ya gemu: michoro ya nyumba, matangazo, katuni za elimu kama zinazotengenezwa na Ubongo pale Dar es Salaam. Aliyerudi na kurasa mbili za kanuni za bao na mchoro mmoja mbovu, mimi namshauri asome sayansi ya kompyuta na aingie ubunifu kwa mlango huo.

Nje ya nchi

Ukitaka shahada ya gemu yenye jina lake kamili, nje ndiko ilikokomaa. Chuo Kikuu cha Abertay, mjini Dundee huko Uskoti, kilianza shahada ya gemu za kompyuta mwaka 1997. Marekani kuna DigiPen, Redmond, chuo kilichojengwa juu ya kazi hii tangu mwanzo. Ujerumani kuna HTW mjini Berlin, chuo cha umma chenye kozi ya ubunifu wa gemu.

Thamani yake iko kwenye timu. Mwanafunzi wa sanaa anawekwa kundi moja na mprogramu na mbunifu, wanapewa miezi kadhaa, wanatoka na gemu inayochezeka. Wanagombana, wanachelewa, wanakata nusu ya walichopanga. Ndivyo kazi ilivyo kweli. Kila wiki mwalimu aliyewahi kufanya kazi hiyo anasimama mbele ya mchoro wako na kukwambia bega hili halikukaa sawa. Hili la kukosolewa kila wiki ndilo ninalolitazama kwanza nikilinganisha vyuo, kabla ya majengo na kabla ya jina.

Sasa fedha. Uingereza, ada ya mwanafunzi wa kigeni kwa masomo haya kwa kawaida inazidi pauni 14,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 40, na bado hujala. Viza inataka fedha za ada na za kujikimu miezi 9 zionekane benki siku 28 mfululizo. Mzazi wa Tandahimba au Newala alielewe hili kwa kalenda yake mwenyewe: masomo ya Uingereza huanza Septemba, minada ya korosho huanza Oktoba. Fedha ya kumpeleka mtoto lazima iwe ya msimu uliopita, iliyokaa bila kuguswa, jambo ambalo nyumba nyingi haziwezi. Ujerumani chuo cha umma kwa kawaida hakidai ada kubwa, ila utaonyesha akiba ya kujikimu, ambayo kuanzia Septemba 2024 ilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, na lugha ya kozi hiyo ya HTW ni Kijerumani. Mtoto atahitaji mwaka au zaidi wa lugha kabla ya kushika penseli darasani.

Berlin ina jambo moja linaloniuma na kunivutia kwa pamoja. Wanafunzi wa sanaa huenda makumbusho kuchora mifupa, na mifupa mikubwa kuliko yote katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin, yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) mwenye kimo cha mita 13.27, ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mtoto wa Lindi angesafiri kwenda kujifunza umbo la mnyama aliyelala chini ya mashamba ya babu zake.

Nje pia si uhakika wa kazi. Mwaka 2023 na 2024 kampuni kubwa za gemu zilipunguza watu kwa maelfu. Microsoft peke yake ilitangaza kupunguza 1,900 upande wa gemu Januari 2024. Nawaambia wazazi hivi: ukipata ufadhili kamili, nenda bila kusita. Kuuza shamba la mikorosho kwa ajili ya shahada hii, hapana. Mkorosho unazaa kila mwaka.

Dodoma, Dar na Bagamoyo

Nikiangalia vya ndani, jicho langu linakwenda kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika ndaki yao ya TEHAMA kuna shahada ya teknolojia ya midia anuwai na uhuishaji. Haiitwi ya gemu, lakini uhuishaji, michoro ya 3D na utengenezaji wa picha tembezi ndiyo mifupa ya sanaa ya gemu. Tena, na hili ndilo kubwa kwangu, ndaki hiyo hiyo imejaa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta na uhandisi wa programu. Timu ambayo Dundee unapangiwa na mwalimu, Dodoma unaweza kuiunda mwenyewe bwenini: mprogramu mmoja, mchoraji mmoja, mtu wa sauti. Hakuna atakayekulazimisha, na hapo ndipo penye udhaifu. Kijana anayengoja kuambiwa atamaliza na cheti bila gemu hata moja.

Ada ya chuo cha umma kwa Mtanzania, kwa kozi za namna hii, haifiki milioni 2 kwa mwaka, na mkopo unaombwa HESLB, Bodi ya Mikopo. Lakini kabla hujaipenda kozi, fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usome masomo gani ya kidato cha sita yanakubaliwa. Pointi 4.0 kutoka masomo mawili ndicho kiwango cha chini cha jumla. Kozi yenyewe inaweza kutaja masomo yake. Nimeona mchoraji hodari wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) akigundua hilo dirisha la maombi likiwa linafungwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafaa kwa mtu wa aina nyingine. Idara yake ya Sanaa Bunifu inafundisha kuchora, kupaka rangi na uchongaji kwa misingi yake, mbali kidogo na kompyuta. Huyo atajifunza programu usiku mwenyewe, lakini mkono wake utakuwa imara, na mkono ndio usiopitwa na wakati programu zikibadilika. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, kwa aliyeishia kidato cha nne, ni mlango wa heshima: astashahada na stashahada za sanaa, na safari ya shahada inaendelea baadaye.

Kubaki Mtwara

Vyuo vya hapa mjini havina masomo haya, kwa hiyo kubaki maana yake ni kujifundisha. Zana hazina kisingizio. Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D, ni bure. Ilifunguliwa kwa wote mwaka 2002 baada ya watu kuchanga euro 100,000 kuukomboa msimbo wake. Anayedhani cha bure ni dhaifu ajue kuwa Flow, filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata Oscar mwaka 2025. Krita ya kuchorea ni bure, injini ya Godot, programu ya kuundia gemu yenyewe, ni bure tangu 2014. Hata bando lina sauti hapa: Blender haifiki GB 1 kuipakua, wakati Unreal, injini nyingine ya gemu, inakula makumi ya GB. Kompyuta iwe na RAM ya GB 16 na kadi ya michoro yake yenyewe. Ya GB 8 utaanzia, utaichoka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, unapoteza kila ambacho hukuhifadhi, hivyo zoea kuhifadhi kila baada ya dakika chache na kununua UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kununua kioo kikubwa. Hilo linazoeleka. Gumu zaidi ni upweke. Kwa miaka yangu miwili ya kwanza nilichora mikono ya watu yenye kiwiko mahali pasipo pake, na kila aliyepita dukani alisema "safi sana fundi". Mtu mmoja aliyesoma sanaa alipita, akakaa dakika ishirini, akanionyesha kiwiko. Dakika ishirini zile zilinifaa kuliko miaka miwili.

Kwa upande mwingine, hakuna darasa la Dundee lenye tulichonacho hapa. Mchoraji wa mandhari akipanda basi kwenda Kilwa ana Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vya kusoma kwa macho, magofu ambayo UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mikindani kuna Boma la zamani na nyumba za mawe ya matumbawe zinazobomoka taratibu, chokaa ikiachia na kuonyesha jiwe. Ukilizunguka jiwe moja na simu ukapiga picha mia moja, programu zinaweza kukuungia umbo lake la 3D. Omba ruhusa kwa wahusika, kisha jifunze mwanga wa saa kumi jioni unavyolala juu ya ukuta ule.

Nilichomwambia

Kwa binti huyu, mwenye ufaulu wa kutosha, baba mkulima wa korosho, na mkono unaopenda kurudia shimo moja mara nane, nimesema Dodoma iwe chaguo la kwanza, Dar la pili. Miezi iliyobaki kabla ya chuo asiipoteze: kitu kimoja kilichokamilika kila mwezi, kitumwe kwa mtu anayejua kukosoa, hata kama ni wa mbali na anajibu kwa maneno mawili. Ufadhili wa nje aombe akiwa chuoni, mkusanyo wake ukiwa umenona, labda kwa shahada ya pili. Dada yangu alitaka kusikia kama kazi ipo. Nilimjibu kwamba kazi ya gemu Mtwara haipo leo, kazi ya michoro ya 3D ipo, na mimi mwenyewe ningemwajiri.

Fomu imejazwa. Jumamosi hii tunakwenda Mikindani kwa mzee mmoja mchonga vinyago. Binti anataka kumuuliza nywele za lipiko zinapachikwaje kwenye mti, maana zake za kwenye kompyuta bado zinaonekana kama kofia.